Si kila kasha lina sanduku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo moja kuhusu mchezo wa jiokeshi, yaani ule wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa kufuata majiranukta ya GPS, yaani namba za latitudo na longitudo zinazotaja mahali, hususan unapochezwa ndani na kandokando ya vyuo vikuu. Mara nyingi magazetini mchezo huu huelezwa kwa sentensi moja: mtu huficha kisanduku, hutangaza mahali kilipo, na mwingine huenda kukitafuta. Maelezo hayo si ya uongo, ila yamefupishwa kupita kiasi, kwa kuwa hayasemi kwamba vitu hivyo, ambavyo wachezaji huviita makasha, ni vya aina nyingi, na mimi ninayetunza bustani za chuo kikuu kimoja nimeona kwa macho yangu madhara ya ufupisho huo, tena kwenye kitalu cha maua nilichokuwa nimekipanda wiki mbili tu kabla.

Asubuhi hiyo niliwakuta vijana wanne wa mwaka wa kwanza wakichimba kwa vijiti katikati ya kitalu. Sikuwagombeza papo hapo, kwa sababu walionekana kuwa na uhakika wa wanachokifanya kuliko mimi mwenye kitalu. Walinionyesha simu, nami nikaona kweli kwamba alama ya ramani ilikuwa imeangukia pale pale walipokuwa wameinama. Ilikuwa alama ya kuuliza ya rangi ya buluu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejiuliza kwa nini iwe alama ya kuuliza na si kijisanduku cha kijani, na kusema kweli hata mimi sikujiuliza. Ni baada ya miezi kadhaa, nilipokuwa nimekwisha kuanza kuucheza mchezo wenyewe, ndipo nilipofahamu kwamba alama ile haikuwa ikionyesha mahali pa kasha hata kidogo.

Pengine tatizo linaanzia kwenye neno. Wachezaji ninaowafahamu hukiita kitu kinachotafutwa kasha, kwa kuwa neno hilo linakaribiana kimatamshi na lile la kigeni, «cache», na kwa kuwa mara nyingi kinachopatikana ni chombo chenye kifuniko. Lakini neno la asili lilitoka Kifaransa na msingi wake ni kuficha; halisemi lolote kuhusu chombo. Sisi tukisikia kasha tunaona mbao, bawaba na kufuli, na mtu aliyekwisha kuona sanduku akilini mwake atalitafuta hata mahali ambapo halikupata kuwekwa. Kuna makasha yasiyo na sanduku lolote, na kuna makasha ambayo sanduku lake liko mbali kabisa na nukta iliyotangazwa.

Mchezo wenyewe una umri wa miaka ishirini na kitu. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani, chini ya Rais Bill Clinton, iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kipokezi cha kawaida ambacho hapo awali kingeweza kukosea kwa takriban mita 100 kikaanza kukosea kwa mita chache tu. Tarehe 3 Mei mwaka huo huo Dave Ulmer aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, ikiwa na vitu kadhaa pamoja na kopo la maharage, kisha akatangaza majiranukta yake ili wengine wajaribu kuifikia. Kabla mwezi haujaisha Matt Stum alikuwa amependekeza jina ambalo mchezo unalo hadi leo. Ndoo ile ya kwanza ilikuwa imefukiwa nusu ardhini, jambo ambalo nalitaja kwa masikitiko ya mtunza bustani, kwa sababu kanuni za sasa kwa kawaida haziruhusu mtu kuchimba shimo ili kuficha kasha. Kwa hiyo anayejikuta ameshika kijiti, jembe au koleo ajue amekwisha kukosea, hata kabla hatujafika kwenye suala la aina.

Nikirudi kwenye alama ya kuuliza: hilo ni kasha la fumbo. Nukta inayoonekana kwenye ramani katika aina hii ni ya kubandika tu, na kwa kawaida mwenye kasha huichagua apendavyo ili fumbo lake lionekane katika eneo fulani. Majiranukta ya kweli hupatikana kwa kutatua kitu kilichoandikwa kwenye ukurasa wa kasha katika tovuti ya mchezo: hesabu, maandishi ya siri, picha, noti za muziki, au swali linalohitaji kusoma kidogo. Kanuni ya jumla ni kwamba sehemu ya mwisho isizidi kilomita 3.2 kutoka nukta iliyotangazwa. Chora duara lenye nusu kipenyo cha urefu huo kuzunguka chuo chochote uone linameza nini: mabweni, viwanja vya michezo, mitaa ya jirani, na pengine mto mzima. Vijana wale hawakuwa karibu na kasha kwa kuchimba maua yangu kuliko ambavyo wangekuwa kama wangebaki vitandani. Fumbo lenyewe, nilipokuja kulisoma, lilihitaji mtu kukaa maktaba nusu saa na kalamu. Baada ya hapo kasha lilikuwa nje ya uzio, chini ya daraja la watembea kwa miguu, mahali ambapo hakuna ua hata moja.

Kijisanduku cha kijani ndicho kasha la kawaida, na hapa sina mengi ya kusema: chombo kipo pale nukta inapoonyesha, ndani mna daftari la kuandika jina na tarehe, na kikiwa kikubwa huwa na vitu vidogo vya kubadilishana. Hata hivyo, neno «pale pale» linahitaji tahadhari. Simu nzuri katika uwanja ulio wazi hukosea kwa mita tano hivi. Katikati ya majengo marefu ya vyuo mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na vioo kabla ya kuifikia simu, na kwa kuwa simu hupima umbali kwa muda ambao wimbi limesafiri, njia hiyo ya kuzunguka huifanya idhani iko mahali pengine. Mchezaji huona mshale ukiruka kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine, naye huanza kupapasa kila bomba, kila benchi na kila chungu cha maua ndani ya eneo ambalo lingetosha kujenga nyumba. Ikiwa kilichofichwa ni kikopo cha filamu ya kamera, au kile kidogo zaidi chenye sumaku ambacho hakizidi ncha ya kidole, upapasaji huo huchukua muda mrefu, na mlinzi anayeutazama kutoka kibandani hana njia ya kujua kwamba anaona mchezo.

Nami niliwahi kupapasa mahali ambapo sikustahili kuwapo kabisa, ingawa safari hiyo GPS haikuwa na kosa. Majiranukta ya mchezo huu huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali, wala si kwa sekunde. Nilipoona dakika 17.460 nilizisoma kama dakika 17 na sekunde 46, kumbe ni dakika 17 na sekunde 27.6. Tofauti hiyo ndogo ya kusoma, ikiwa ni kwenye latitudo, ni zaidi ya nusu kilomita ardhini. Nilizunguka jengo la utawala kwa saa nzima nikitafuta kitu kilichokuwa nyuma ya uwanja wa mpira, na mlinzi mmoja ambaye tumefanya kazi pamoja miaka mingi akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimepoteza funguo.

Aina ambayo naiona inafaa vyuoni kuliko zote ni kasha la hatua nyingi, na hapa naomba wahariri na wasomaji wanivumilie kidogo kwa sababu ndipo penye maneno mengi. Katika aina hii nukta iliyotangazwa ni ya hatua ya kwanza tu. Hatua hiyo inaweza kuwa na kikopo chenye majiranukta ya hatua ya pili, lakini inaweza pia kuwa kitu kilichopo tayari ambacho mchezaji anakisoma: mwaka uliochongwa kwenye jiwe la msingi, idadi ya nguzo za ukumbi, idadi ya ngazi za kupanda maktaba, namba ya mlango. Tarakimu hizo huingizwa kwenye hesabu ndogo iliyoandikwa kwenye ukurasa, na jibu ndilo linalompeleka mchezaji mbele. Chuo kimejaa maandishi ya namna hiyo ambayo watu huyapita miaka minne bila kuyasoma. Hatua ya kusoma tu haina chombo, kwa hiyo hakuna cha kupapasa, hakuna cha kutiliwa shaka, na hakuna anayekanyaga kitalu. Isitoshe, kanuni inataka vyombo viwe angalau mita 161 kimoja kutoka kingine, na kipimo hicho huhusu hatua zenye kitu kilichowekwa na mchezaji. Hatua za kusoma hazimzuii mtu mwingine kuweka kasha lake karibu. Mtu mmoja mwenye papara akitawanya vikopo vinne vya kawaida katika chuo kidogo anaweza kuwafungia nafasi wote watakaokuja baadaye, ilhali kasha moja la hatua sita zilizo nyingi za kusoma lingechukua nafasi ya chombo kimoja tu mwishoni.

Aina hiyo nayo ina udhaifu wake, na udhaifu huo ni wa vyuoni hasa. Mwenye kasha ana wajibu wa kulitunza: kubadilisha daftari likilowa, kurekebisha hesabu kibao kinapoondolewa, kujibu wanaomwandikia kwamba hawakulipata. Mwanafunzi huweka kasha akiwa mwaka wa pili, hulitunza vizuri mwaka wa tatu, hulisahau katika mitihani ya mwisho, kisha huhitimu na kuondoka. Baada ya hapo jengo hupakwa rangi, jiwe la msingi hufunikwa na tangazo, ngazi saba huwa tano kwa sababu ya njia mpya ya mteremko, na kila anayekuja hupata jibu la uongo linalompeleka mahali pa ajabu. Mhakiki wa kujitolea, yaani mchezaji anayeyakagua makasha kwa niaba ya tovuti, anaweza kulisimamisha kasha na hatimaye kuliondoa kwenye orodha asiposikia lolote kutoka kwa mwenyewe, lakini mhakiki hana mikono ya kuja kukitoa chombo. Kinachobaki ni plastiki chini ya ua, na plastiki hiyo huokotwa na sisi. Njia ya kuepuka hali hii ipo na ni rahisi: kasha linaweza kukabidhiwa mchezaji mwingine kwa ridhaa ya pande mbili, na historia yake yote ikabaki. Chama cha wanafunzi chenye viongozi wanaorithishana kila mwaka, au mwalimu anayeupenda mchezo, angeweza kuwa mrithi huyo. Ninashangaa jinsi jambo hili linavyofanyika kwa nadra.

Yapo pia makasha yasiyo na chombo kabisa, na haya ndiyo yanayowachanganya zaidi waliozoea sanduku. Kasha la ardhi, ambalo kwa Kiingereza huitwa EarthCache na lilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano na jumuiya ya wanajiolojia wa Marekani, humpeleka mchezaji kwenye mwamba, chemchemi, korongo au umbo lolote la kijiolojia lenye somo ndani yake. Mchezaji hutazama, hupima, kisha humtumia mwenye kasha majibu ya maswali aliyoulizwa. Hakuna daftari, na hakuna kitu cha kuchukua, hata kipande cha jiwe. Kwa chuo chenye idara ya jiolojia na mwamba mmoja uliojitokeza nyuma ya maabara, sijui kwa nini lisiwepo. Kasha la kuona tu nalo halina chombo, bali humtaka mchezaji athibitishe kwamba amefika kwenye sanamu au mnara fulani, ila hilo haliko wazi kwa kila mtu kulianzisha: uwekaji wake ulisitishwa mwaka 2005, na tangu 2017 ni wachezaji wachache waliochaguliwa ndio hupewa nafasi hiyo. Karibu na aina hizi kuna ziara za programu ya Adventure Lab, ambazo kwa kawaida huwa na vituo vitano. Mtu akifika kituoni simu humfungulia swali, akijibu anasonga mbele. Kwa wageni wa siku ya kwanza chuoni ningependekeza hizi kabla ya kitu kingine chochote.

Mkutano wa wachezaji pia huhesabiwa kuwa aina ya kasha, pamoja na ule wa kusafisha mazingira. Kwa kazi yangu nisingependa kusema mengi juu ya huo wa pili, maana nitaonekana najipigia debe, lakini mwaka mmoja walinisaidia kutoa mifuko ya taka kwenye mfereji ambao mimi peke yangu nisingeumaliza kwa mwezi.

Kuna alama mbili za tarakimu zinazofuatana na aina, nazo husomwa kwa nadra zaidi kuliko aina yenyewe. Ya kwanza ni ugumu wa kutafuta au kutatua, ya pili ni ugumu wa njia, na zote huanzia 1 hadi 5 kwa hatua za nusu. Kwa upande wa njia, 1 maana yake ni kwamba mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kufika na kulifikia kasha, na 5 ni kwamba vifaa maalumu vinahitajika, kama vile kamba au mtumbwi. Waficha makasha wengi wa vyuoni huandika 1 kwa sababu tu mahali pana lami. Nimemshuhudia mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu akifika mbele ya ngazi tatu zilizotangazwa kuwa 1, akakitazama kikopo alichoweza kukiona ila asingeweza kukigusa, kisha akageuka. Hakulalamika kwa mtu yeyote. Nililalamika mimi kwa niaba yake, na tarakimu ikabadilishwa baada ya siku tatu.

Ndugu Mhariri, wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya wachezaji na hayawahusu wakuu wa vyuo. Yanawahusu. Mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, Uingereza, kikosi cha kutegua mabomu kiliitwa kikalipua kisanduku kidogo ambacho kilikuwa kasha tu, baada ya mtu kuonekana akikishughulikia kwa namna iliyotia shaka, na si mara hiyo tu jambo la aina hiyo limewahi kutokea duniani. Kanuni za mchezo zinamtaka mwenye kasha apate ruhusa ya mwenye eneo, na chuo kikuu ni mwenye eneo kama wengine. Lakini ofisa wa usalama anayeombwa ruhusa ya «kuweka kasha» bila kuelezwa aina atakataa, na sitamlaumu, kwa kuwa anafikiria sanduku lisilo na mwenyewe karibu na ukumbi wa mihadhara. Akielezwa kwamba ni hatua tano za kusoma vibao na chombo kimoja chenye kuta angavu, chenye kibandiko kinachosema ni nini na ni cha nani, kilichowekwa mbali na milango, madirisha ya mabweni na vyumba vya mitambo ya umeme, anakuwa na jambo la kulipima. Katika chuo ninachofanya kazi ruhusa ilikataliwa mara mbili, na ikatolewa mara ya tatu, na kilichobadilika kati ya ombi la pili na la tatu ni maelezo ya aina tu.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Siku nyingine mtakapochapisha habari za mchezo huu na kuweka picha ya ramani ya simu, msiikate ile alama iliyo juu ya nukta, na muandike chini yake ni ya aina gani. Nafasi itakayotumika ni mstari mmoja.

Na kama aliyeficha kikopo cheusi chenye mfuniko wa kijivu chini ya benchi la tatu kutoka lango la maktaba anasoma barua hii, popote alipo baada ya kuhitimu, ajue kwamba benchi lile liling'olewa mwezi uliopita kupisha bomba la maji. Kikopo kiko kwenye kabati la ghala la bustani. Daftari limelowa upande mmoja, lakini majina mengi bado yanasomeka, na nimeliweka juani likauke.

Msomaji wako,
Mtunza bustani wa chuo kikuu